Viti Vyote kwa Kiti Kimoja

Kila uchaguzi ulipofika, wanaume kadhaa wa kata ile, na mara moja moja mwanamke mwenye moyo wa chuma, walijitokeza kugombea kiti. Mama Viti alikuwa navyo vingi kuliko wote na hakuwahi kugombea chochote. Yeye alikuwa anavikodisha.

Vilikuwa viti vya plastiki, vya bluu na vyeupe, vimepandana ndani ya chumba kilichokuwa gereji zamani mpaka vikagusa mabati. Chini ya kila kimoja alikuwa amechora alama kwa msumari wa moto, kwa sababu kiti cha plastiki hakina uaminifu. Kikishapanda pikapu ya mtu mwingine kinasahau kwao. Alivijua kwa tabia. Kimoja, cheupe, kiliwahi kuvunjika mguu kikashonwa kwa waya. Hicho hakikupelekwa harusini. Kilipelekwa kwenye mikutano ya siasa, ambako watu hukaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka.

Wateja wake walikuwa wa aina tatu: wanaooa, wanaozika na wanaogombea. Wanaooa walilipa kabla, wanaozika walilipa baadaye, na wanaogombea walilipa wakishinda. Wakishindwa, simu zao zilikuwa hazipatikani. Baada ya chaguzi mbili za kujifunza, aliamua kuwatoza wagombea kama watu wanaooa, na pamoja na kiti aliwapa ushauri wa bure.

"Chukua pungufu," aliwaambia. "Waliokosa pa kukaa watasimama nyuma, na kwenye picha mtu aliyesimama anaonekana wawili. Lakini kiti kitupu nacho kinaonekana, baba. Kinaonekana kuliko mtu."

Mume wake alikuwa na duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, na mtaa mzima ulimwita Daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha famasia, kilichotundikwa juu sana ukutani hivi kwamba hakuna aliyeweza kukisoma, na alikuwa ameshachoka kukanusha. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwandiko mbaya, na watu walichukulia vyote viwili kuwa ni dalili za elimu.

Jumapili moja asubuhi Mama Viti alikuwa uani na ndoo ya maji ya sabuni, akisugua viti vilivyorudi kutoka harusini na keki kwenye mikono ya viti. Mume wake akatoka ndani, akasimama mbele yake na mikono nyuma, kama anavyosimama anapotaka kumwambia mteja kwamba dawa imekwisha.

"Mama watoto, nimeamua kugombea kiti."

"Kipi? Vyeupe bado vimelowa."

"Cha udiwani."

Aliendelea kusugua. Keki iliyokauka ina ubishi wake. Alipomaliza ule mkono wa kiti akauliza, "Nani kakutia hilo kichwani?" na kabla hajajibiwa geti likagongwa, naye akawa amepata jibu.

Aliyeingia alikuwa mdogo wake Daktari, wakala wa bima, aliyesomea takwimu chuoni na kuhitimu akiwa na hakika na kila kitu. Kwenye familia walimwita Mshauri. Hakuna aliyewahi kumwomba.

"Shemeji, naona unamwogesha mpiga kura," alisema, akaketi kwenye kiti kibichi, akainuka na suruali yenye duara la maji nyuma.

"Endelea tu, shemeji," alisema Mama Viti. "Ulikuwa unasema."

Mshauri alisimama na akasema mambo yake kwa utulivu wa mtu anayeuza kitu ambacho mnunuzi hatakiona mpaka afe. Chaguzi tatu zilizopita, alisema, mgombea aliyemwaga pesa nyingi kuliko wenzake ndiye aliyechukua kata. Zote tatu. Hiyo si bahati, ni hesabu. Kaka yake anapendwa, lakini kupendwa hakuchapishi mabango. Zinatakiwa fulana, muziki, maji ya chupa, gari lenye spika. Mtaji wa pekee uliopo kwenye familia umepandana kwenye ile gereji. Yule mwenye maturubai ng'ambo ya soko anautaka siku nyingi.

"Tuuze viti," alimalizia. "Tununue kiti."

"Viti vingapi?"

"Vyote, shemeji. Siasa haitaki nusu nusu."

Mama Viti aliangalia lile rundo. Viti hivyo ndivyo vilivyosomesha mabinti wao wawili, na ndivyo vilivyonunua dawa za kwanza za lile duka. Jambo hilo Daktari hakuwahi kulisahau na mke wake hakuwahi kulitaja, na wengi waliouliza siri ya ndoa yao kudumu hawakujua kwamba ndiyo hiyo.

"Hata mimi nimeona hivyo hivyo," alisema. "Anayekodi viti vingi ndiye anayeshinda mara nyingi. Sikatai. Lakini, shemeji, sijawahi kuona harusi iliyokuwa kubwa kwa sababu ya viti. Harusi inakuwa kubwa kwanza, halafu ndiyo wananijia."

"Maana yake nini?"

"Maana yake watu wanamchangia yule wanayemwona kabisa kwamba anakwenda kushinda. Wenye maduka, wenye malori, hata wewe na bima zako. Nani anamchangia anayezama?"

"Hiyo ni falsafa ya viti."

"Ndiyo niliyo nayo. Ya bima unayo wewe."

Muda wote Daktari alikuwa akikwangua keki kwa ukucha. Hatimaye alisema kwamba hataki kuuza kitu cha mtu bila mwenyewe kuridhika. Wafanye mkutano mmoja kwanza, na viti vya nyumbani. Ukienda vizuri, waendelee hivyo hivyo. Ukienda vibaya, wazungumze tena. Mke wake akaelewa kwamba "wazungumze tena" maana yake ni wauze, naye akakubali, kwa sababu kazi ya kupanga viti vya mkutano aliijua kuliko mtu yeyote kata nzima. Ndiyo sababu kilichofuata kilimuuma zaidi.

Siku ya mkutano, pikapu ilipoegeshwa mlangoni, Mama Viti alianza kutoa viti kwa kiasi kile ambacho angemshauri mgombea mwingine yeyote mwenye watu kama wa mume wake. Alipofika kwenye kiasi hicho mkono ukasita. Kumpangia mumeo viti vichache ni kumwambia, kabla hajapanda jukwaani, kwamba unawajua watakaokuja na si wengi. Mteja unaweza kumwambia hivyo. Mtu uliyemwona asubuhi akijaribu tai mbele ya kioo cha kunyolea, huwezi. Akaongeza rundo moja. Akaongeza jingine. Mwisho akatoa vyote, hata kile cha mguu wa waya, na gereji ikabaki na mwangwi.

Watu walikuja. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye halikusemwa na mtu. Walikuja watu wa haja, ambao kwenye ukumbi mdogo wangelazimika kukaa magoti yamegusana. Lakini pale uwanjani walijitawanya kama vidonge vya mwisho ndani ya chupa kubwa. Kila mmoja alichukua kiti cha kukalia, cha kuweka mkoba, na cha kumtenga na jirani. Daktari alizungumza vizuri kuhusu mitaro inayofurika na zahanati isiyo na choo. Alipopaza sauti, kipaza sauti kiliipeleka mpaka safu za mwisho, nazo zikaisikiliza kwa nidhamu, kwa kuwa hazikuwa na mtu.

Picha ilipigwa kutoka nyuma. Kabla jua halijazama ilikuwa kwenye simu za kata nzima, na chini yake mtu mwenye kipaji alikuwa ameandika: *Daktari ahutubia viti.*

Kesho yake dukani walikuja wateja wengi kuliko kawaida, wengi wao wazima wa afya.

"Daktari, hivi vinaruhusiwa kupiga kura?"

"Vyeupe au vya bluu?" aliuliza mwingine. "Maana nasikia vya bluu ni vya upinzani."

Daktari alicheka nao, akawauzia dawa ya kikohozi ambayo hawakuihitaji, akafunga duka mapema.

Nyumbani alimkuta mke wake ameketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Ni mimi," alisema Mama Viti. "Nilijua."

"Najua ulijua. Miaka yote hii nasikia unavyowaambia. Mbona hukupunguza?"

"Ningeona kama nakupunguza wewe."

Daktari aliketi ngazi ya chini yake, akavua viatu, akabaki akivitazama. Mshauri alipofika na hoja zake, kwamba aibu ya picha moja inafutwa na mabango mia, kwamba sasa ni pesa tu, Mama Viti alimkatiza.

"Mwite mwenye maturubai."

Shemeji yake, aliyekuwa amejiandaa kubishana mpaka sauti ikauke, alibaki na hoja mkononi bila pa kuzitua.

Mwenye maturubai alikuja siku ya pili na lori. Alikuwa mshindani wa Mama Viti kwa muda mrefu na kwa sababu hiyo walikuwa na adabu nyingi sana kati yao. Alimpa pole ya picha bila kuitaja picha. Kisha akaingia gereji, akawa anagonga kiti kimoja kimoja kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akataja bei. Bei hiyo ilikuwa nzuri mno. Mshauri akatabasamu. Daktari, aliyekuwa ameegemea nguzo ya geti kama mtu aliyekuja kwenye mazishi ya upande wa mke, akainua kichwa.

"Mbona umekuwa na huruma hivyo?"

"Si mimi, Daktari. Ni mheshimiwa diwani." Aliyekuwa akishikilia kiti wakati huo, yaani kile kiti kingine, alikuwa akikitetea kwa mara ya tatu. "Anataka kila kiti nitakachopata. Mikutano asubuhi, mchana, jioni. Mabango kachapisha, akayakataa, kachapisha tena. Juzi kanipigia alfajiri kuuliza kama kuna maturubai yanayofanana na rangi ya shati lake. Yule mtu halali."

"Anachukua vyote?"

"Vyote na vingine."

Sasa Daktari alikuwa na uso anaokuwa nao nyuma ya kaunta pale mtu anapoagiza dawa tatu tofauti za maumivu kwa mpigo. "Na mwaka ule aliposhinda mara ya kwanza," aliuliza, "alichukua vingapi?"

Mwenye maturubai hakukumbuka. Mama Viti alikumbuka.

"Vya bluu tu. Watu walikaa mpaka kwenye ukuta wa shule."

"Basi huyo anaumwa," alisema Daktari.

"Nani anaumwa?" Mshauri aliuliza.

"Diwani. Dukani kwangu anayenunua dawa nyingi si yule anayepona haraka. Ni yule aliyezidiwa. Wewe na takwimu zako ukiangalia risiti zangu peke yake, utasema dawa zangu ndizo zinazoua watu."

"Kaka, mkeo anasema pesa zinamfuata mshindi. Wewe unasema zinamfuata mgonjwa. Kubalianeni kwanza."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Mwenye maturubai, ambaye pesa zilimfuata yeye vyovyote iwavyo, aliangalia saa.

"Hatuuzi," alisema Daktari.

Mama Viti alimtazama. "Una hakika?"

"Sina."

"Basi sawa," alisema, na akafunga mlango wa gereji, kwa sababu wiki hiyo alikuwa ameshachoshwa na watu wenye hakika.

Kilichobaki kwenye kampeni ya Daktari kilikuwa viatu vyake. Kila siku baada ya kufunga duka alipita nyumba kwa nyumba, bila muziki, bila fulana, mara nyingine na mke wake, mara nyingi peke yake. Alipiga hodi, na kila mlango ulimjibu maneno yale yale.

"Karibu, Daktari! Karibu kiti."

Ndipo alipogundua kwamba kwa miaka yote aliyowauzia dawa watu hawa hakuwahi kuona wanamezea wapi. Alikaribishwa makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni ya dukani, vigoda, makreti ya soda, ndoo iliyogeuzwa ikawekewa mto. Mwanamke mmoja alimnyanyua mumewe kwenye kiti pekee cha nyumba, akakifuta kwa upindo wa nguo, akamkalisha mgeni, na mume akaendelea kula akiwa amesimama, bila kinyongo, kama mtu aliyezoea. Walimwuliza kuhusu miguu inayovimba na watoto wasiolala. Mzee mmoja alimwonyesha jipu lililokuwa mahali ambapo wagombea wengine hawakuonyeshwa. Kuhusu mitaro alizungumza mwishoni, kwenye mlango, akiwa ameshainuka.

"Na kura?" alithubutu kumwuliza bibi mmoja aliyevaa fulana ya diwani na kofia ya mgombea mwingine, mkandarasi wa barabara, ambaye naye alikuwa na pesa, ingawa si za kukosa usingizi.

"Kura yangu nimewaahidi nyote watatu, mwanangu. Sikutaka kumuumiza mtu." Akasogeza kofia. "Yule kanipa hii, yule kanipa hii. Wewe hebu nieleze tena, kile kidonge cha presha nameza kabla ya chakula au baada?"

Alimweleza. Akanywa maji, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Karibu kiti.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa shule. Mkandarasi alikuwa wa kwanza. Diwani, aliyetumia pesa kuliko wote, alikuwa wa tatu, na kwa mbali. Daktari alikuwa wa pili. Katika kampeni nzima alikaribishwa viti visivyo na idadi, kiti hakupata. Mama Viti alisoma ile tofauti kati ya mumewe na mshindi mara mbili, kisha, bila kutaka, akaipanga kichwani kwa safu. Watu hao wote wangeenea kwenye viti vyake, na kile cha mguu wa waya kingebaki.

"Mnaona?" Mshauri alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, maana alimpenda kaka yake. "Kidogo tu! Tungeuza, tungeiziba hiyo."

Wafuasi wa diwani nao walisema mzee alianguka kwa sababu mwishoni alibana mkono. Upande wa mkandarasi, mwenye kuleta muziki alisema ni muziki, mwenye kuleta fulana alisema ni fulana, na mpishi hakusema kitu ila alitembea kwa maringo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya matokeo, na kila sababu ilikuwa na risiti.

Mama Viti hakuwa nayo. Alikuwa na gereji iliyojaa, na kila alipofungua mlango ule aliona kama viti vinamtazama. Wapo wanaoweza kusema hilo haliwezekani, kiti hakina macho. Hawajawahi kuwa na viti vingi.

Wiki iliyofuata mpambe wa diwani mpya alifika na pikapu. Kulikuwa na sherehe ya kuwashukuru wapiga kura na alivitaka viti vyote.

"Chukua pungufu," alisema Mama Viti, kwa mazoea.

"Mama, tumeshinda! Watajaa mpaka barabarani."

Alifikiri kidogo. "Watajaa kweli," alikubali, akataja bei ya harusi.

Daktari alikuwa nyumbani siku hiyo na akasaidia kupakia. Walibeba pamoja, rundo kwa rundo, mpambe akihesabu nje kwa sauti ya mtu ambaye sasa yuko serikalini. Walipokuwa wawili ndani ya gereji, mke akasema, akiwa ameangalia ukuta:

"Tungeuza, ungeshinda?"

Daktari alitua mzigo. "Sijui."

"Sema tu. Sitakasirika."

"Sijui, mama. Mtu anarudi dukani amepona, namwuliza alitumia nini. Ananiambia dawa yangu. Na ya jirani. Na tangawizi. Na aliombewa. Namwambia vizuri sana, na akiumwa tena namuuzia ile ile. Hicho ndicho kiasi cha elimu yangu."

"Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa unabahatisha?"

"Polepole, wateja watasikia." Alijifuta jasho kwa shati. "Najua kitu kimoja tu. Tungeuza halafu nikashindwa, najua saa hizi tungekuwaje."

"Tungekuwaje?"

"Tungekuwa tumesimama."

Hakupanga kuchekesha, lakini mke wake alicheka, kicheko ambacho hakikuwa kimetoka tangu ile picha, mpaka ikambidi ashike mlango. Daktari alimsubiri amalize. Mgongo ulikuwa unamuuma, kwa hiyo akavuta kitu kilichokuwa karibu, akaketi, akanyoosha miguu kwenye sakafu tupu.

Mpambe alichungulia ndani. Hesabu yake ilikuwa na upungufu.

"Mama, nimelipia vyote. Kimebaki kimoja. Na hicho je?"

Mama Viti aligeuka kutazama. Kilikuwa kile cheupe, cha mguu wa waya.

"Hicho," alisema, "kina mtu."